Kilio cha jioni: Je, matone ya bakteria yaweza kumtuliza mtoto?

Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Hayo ni maneno ya wahenga, na sidhani kuna anayeyaelewa vyema kuliko mzazi anayeishi katika nyumba za kupanga za Umoja, Kayole au Likoni, mahali ambapo ukuta mmoja hutenganisha familia mbili, na ambaye mtoto wake wa wiki 5 huanza kulia saa 12 jioni na kunyamaza saa 4 usiku.

Msomaji mpendwa, bila shaka unakijua kilio hicho. Si kilio cha njaa, kwani mtoto amenyonya akashiba. Si cha nepi iliyolowa, kwani ndiyo kwanza amebadilishwa. Anakunja miguu hadi tumboni, anakaza tumbo likawa gumu kama ngoma, anafumba ngumi na kulia hadi sauti inakauka. Jirani anabisha mlango na kuuliza, "Mama Brayo, kwani mtoto ni mgonjwa?" Nyanya anapiga simu kutoka mashambani na kusema hilo ni chango, atafutiwe dawa ya miti shamba. Mwingine anasema ni kijicho. Baba naye, ambaye lazima aamke saa 11 alfajiri kwenda kazini, amejifunika blanketi hadi kichwani. Kufikia usiku wa manane, mama analia pamoja na mwanawe.

Madaktari huiita hali hii koliki. Katika miaka ya hivi karibuni, wazazi wengi wa mjini wamekuwa wakiuliza juu ya matone ya probayotiki, yaani bakteria hai wanaotiwa kinywani mwa mtoto ili wamtulize. Je, matone hayo yanafanya kazi, ama ni njia nyingine ya kumtoa pesa mfukoni mzazi ambaye hajapata usingizi? Jibu lake si "ndiyo" tupu wala "la" tupu, na ndiyo maana leo tumelitengea nafasi.

Koliki ni nini hasa?

Kila mtoto mchanga hulia. Mwaka wa 1962, daktari wa watoto wa Marekani, T. Berry Brazelton, alichapisha matokeo ya uchunguzi ambapo akina mama waliandika kila siku muda ambao watoto wao walilia. Ilibainika kwamba kilio huongezeka tangu mtoto azaliwe, kikafikia kilele anapokuwa na wiki 6 hivi, kisha kikaanza kupungua. Katika kilele hicho, mtoto wa kawaida, asiye na ugonjwa wowote, alilia kwa takriban saa mbili na robo tatu kwa siku. Na wengi wao walilia zaidi jioni.

Koliki ni kilio hicho kilichopita kiasi. Daktari mwingine wa Marekani, Morris Wessel, aliweka kipimo chake mwaka wa 1954 ambacho bado hutajwa hadi leo: mtoto mwenye afya njema na anayelishwa vizuri, lakini anayelia zaidi ya saa 3 kwa siku, zaidi ya siku 3 kwa wiki, kwa muda wa zaidi ya wiki 3. Siku hizi madaktari hawasubiri wiki tatu zipite. Hutazama kama mtoto yuko chini ya miezi 5, kama analia mara kwa mara na kwa muda mrefu bila sababu inayoonekana, kama hatulii hata akibembelezwa, na kama anaongeza uzani bila homa wala dalili ya ugonjwa mwingine.

Inakadiriwa kwamba mtoto 1 kati ya 5 hupatwa na koliki. Huwapata wa kiume na wa kike, wanaonyonya kwa mama na wanaopewa chupa. Huwapata wa Muthaiga na wa Mathare vilevile. Kwa hivyo, mama, ondoa fikira kwamba umekosea mahali. Na habari njema ni kwamba koliki huisha yenyewe, aghalabu mtoto anapofikisha miezi 3 au 4. Taabu ni kwamba kwa mzazi ambaye halali, miezi mitatu ni kama miaka mitatu.

Wageni waliomo tumboni

Hadi leo hakuna anayeweza kusema kwa hakika koliki husababishwa na nini. Wako wanaosema ni gesi, wako wanaosema ni neva za mtoto ambazo hazijakomaa, na wako wanaosema ni mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe kwa watoto wachache. Lakini dhana moja imepata nguvu tangu mwanzo wa karne hii, nayo yahusu bakteria wanaoishi katika utumbo.

Usishtuke unaposikia neno bakteria. Si wote walio maadui. Mtoto anapozaliwa, utumbo wake ni kama shamba lililofyekwa lakini halijapandwa. Katika siku chache za kwanza, bakteria kutoka mwilini mwa mama, katika maziwa yake na katika mazingira, huingia na kufanya makao humo. Wengine husaidia kumeng'enya maziwa na kuwazuia maadui. Wengine hutoa gesi na kuwasha kuta za utumbo.

Mwaka wa 2013, watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kuchunguza choo cha watoto 24, nusu yao wakiwa na koliki. Watoto waliolia sana walikuwa na aina chache zaidi za bakteria kwa jumla, na miongoni mwao walizidi wale wa kundi linalojumuisha watoaji gesi. Ni kama shamba ambalo magugu yametangulia kuota kabla ya mahindi. Hapo ndipo swali linapozuka: tukipanda mbegu njema, je, magugu yatapungua na mtoto atulie?

Fikira hii si ngeni. Mwanasayansi Elie Metchnikoff, aliyefanya kazi katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris na kutuzwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908, alihubiri manufaa ya bakteria wa maziwa yaliyoganda zaidi ya miaka 100 iliyopita. Wakalenjin na mursik yao katika kibuyu, na jamii nyingine za wafugaji wa humu nchini, hawakuhitaji kufika Paris ili kujua kwamba maziwa yaliyochacha vizuri hupatana na tumbo.

Turin yasema ndiyo

Bakteria aliyechunguzwa zaidi kuhusu koliki anaitwa Lactobacillus reuteri. Tangu mwaka wa 2020, wanasayansi wamembadilisha jina na kumwita Limosilactobacillus reuteri, kwa hivyo usichanganyikiwe ukiona moja ya majina hayo mawili kwenye paketi. Aina ya kwanza iliyotumiwa ilitolewa katika maziwa ya mama mmoja wa Peru, Amerika Kusini.

Mwaka wa 2007, Dkt Francesco Savino na wenzake wa mji wa Turin, Italia, walichapisha matokeo ya kuwapima watoto 83 wenye koliki, wote wakinyonya maziwa ya mama. Baadhi walipewa bakteria hao, wengine wakapewa simethikoni, dawa ya gesi ambayo imezoeleka madukani. Baada ya siku 28, waliopewa bakteria walikuwa wakilia kwa dakika 51 kwa siku, ilhali wale wa simethikoni walilia kwa dakika 145.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini mkaguzi makini angeuliza: wazazi walijua mtoto wao alipewa nini, je, si huenda matumaini yao ndiyo yaliyopunguza dakika? Kwa hivyo mwaka wa 2010 Savino na wenzake wakachapisha utafiti mwingine wa watoto 50. Safari hii wengine walipewa matone yasiyokuwa na bakteria, na mzazi hakujua ni yapi. Pia walitumia kizazi kipya cha bakteria huyo, kinachotambuliwa kwa nambari DSM 17938, ambacho kiliondolewa chembe mbili zilizobeba uwezo wa kushinda dawa fulani za viuavijasumu. Baada ya siku 21, watoto waliopewa bakteria walilia kwa dakika 35 hivi kwa siku, na wenzao kwa dakika 90. Mwaka wa 2013, utafiti wa Poland uliohusisha watoto 80 ulipata matokeo yanayoelekea upande huohuo.

Melbourne yasema la

Mambo yangekuwa rahisi kama hadithi ingeishia hapo. Mwaka wa 2014, Dkt Valerie Sung na wenzake wa Melbourne, Australia, walichapisha utafiti mkubwa kuliko yote iliyotangulia. Ulihusisha watoto 167, wengine wakinyonya kwa mama na wengine wakipewa maziwa ya kopo. Nusu walipewa bakteria hao na nusu matone matupu. Matokeo? Hakuna nafuu iliyoonekana. Kwa hakika, baada ya mwezi mmoja watoto waliopewa bakteria walilia na kusumbuka kwa dakika 49 zaidi kwa siku kuliko wenzao, na waliosumbuka zaidi walikuwa wale wa maziwa ya kopo.

Nani basi aaminiwe, Turin au Melbourne? Badala ya kuzozana, watafiti hao walifanya jambo la busara. Waliketi pamoja na wenzao wa Poland na Kanada, wakaunganisha rekodi za kila mtoto kutoka nchi zote nne, jumla ya watoto 345. Matokeo yakatolewa mwaka wa 2018.

Walichokipata ndicho kinachostahili kubandikwa ukutani. Kwa watoto wanaonyonya maziwa ya mama, matone yalisaidia: kati ya kila watoto 5 waliopewa, takriban 2 zaidi walipunguza kilio kwa nusu katika siku 21, kuliko ambavyo ingetokea bila matone. Kwa watoto wa maziwa ya kopo, hapakuwa na ushahidi wa kutosha kusema kwamba yanasaidia.

Tafakari juu ya hesabu hiyo, msomaji. Haisemi kwamba kila mtoto atanyamaza. Inasema kwamba wapo watakaopata nafuu kwa sababu ya matone, wapo ambao wangepata nafuu hata bila matone kwa kuwa siku zao za kulia zilikuwa zinakwisha, na wapo ambao wataendelea kulia licha ya yote. Utakapomsikia jirani akiapa kwamba matone yalimponya mwanawe kwa siku mbili, na mwingine akiapa kwamba ni pesa za bure, jua kwamba huenda wote wawili wanasema kweli.

Usiache kunyonyesha

Kuna funzo jingine hapa ambalo lina uzito kuliko matone yenyewe. Mara nyingi, mtoto anapolia sana, mtu wa kwanza kulaumiwa huwa ni mama na maziwa yake. "Maziwa yako ni mepesi." "Maziwa yako yana gesi." Mama aliyechoka husadiki, akakimbilia kopo. Ilhali koliki huwapata hata wanaopewa kopo, na kama tulivyoona, wanaonyonya ndio walioonekana kufaidika na matone haya.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka wa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 60 ya watoto wa chini ya miezi 6 humu nchini hulishwa maziwa ya mama pekee. Katika utafiti wa 2008 na 2009, walikuwa asilimia 32. Hatua hiyo imepigwa kwa jasho la akina mama na wauguzi wa kliniki. Isirudishwe nyuma na kilio ambacho kitakwisha chenyewe katika majuma machache.

Ni vyema pia tujibu swali la wale wanaouliza: madhali ni bakteria wa maziwa, kwa nini nisimpe mtoto kijiko cha maziwa lala au mursik? La, hasha. Mtoto wa chini ya miezi 6 hapaswi kupewa maziwa ya ng'ombe, yawe mabichi, yamechemshwa au yameganda. Zaidi ya hayo, bakteria wa maziwa lala si yule aliyepimwa, na hakuna anayewahesabu. Kunywa wewe mama, ni lishe nzuri, lakini usimtilie mtoto kinywani.

Kabla ya kununua

Iwapo mwanao ananyonya, ameonwa na daktari, na mfuko unaruhusu, basi zingatia haya.

Kwanza, soma jina la bakteria na nambari yake. Neno "probayotiki" peke yake halitoshi, sawa na neno "mbegu" lisivyomtosha mkulima. Yaliyosemwa juu ya DSM 17938 hayawezi kuhamishiwa bakteria mwingine kwa sababu tu yumo katika chupa inayofanana.

Pili, kipimo kilichotumiwa katika tafiti hizo kilikuwa matone 5 mara moja kwa siku, yenye bakteria milioni 100. Kuongeza matone hakuharakishi nafuu.

Tatu, hawa ni viumbe hai, na joto huwaua. Usiyachanganye na kinywaji cha moto, wala usiiache chupa dirishani penye jua. Tazama tarehe ya mwisho ya kutumiwa na ununue katika duka la dawa lililosajiliwa, si kwa mchuuzi.

Nne, jiwekee kikomo. Tafiti zilipima siku 21 hadi 28. Ikiwa majuma hayo yamepita na hujaona tofauti yoyote, hakuna haja ya kununua chupa nyingine. Mzazi ambaye hawezi kumudu chupa ya kwanza naye asihuzunike, kwani hajamnyima mtoto tiba ya kuokoa maisha.

Tano, na hili ni zito: mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mwenye uzani mdogo, au mwenye kinga dhaifu asipewe matone haya bila idhini ya daktari wake. Mnamo Oktoba 2023, shirika la serikali ya Marekani linalosimamia vyakula na dawa lilitoa onyo baada ya mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati kufariki. Bakteria wa probayotiki aliyopewa hospitalini, ambao si wale wa koliki tuliowataja, walikuwa wameingia katika damu yake. Kinachomfaa mtoto mwenye afya chaweza kumwangamiza aliye dhaifu.

Je, zile dawa tulizozoea? Graipuwota, ambayo ilibuniwa na mwuza dawa William Woodward wa Nottingham, Uingereza, mwaka wa 1851, ilikuwa na pombe ndani yake kwa zaidi ya miaka 100, na bila shaka hiyo ilichangia kuwalaza watoto. Pombe hiyo iliondolewa huko Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990. Simethikoni nayo, ilipopimwa dhidi ya matone matupu, haikuonyesha tofauti. Asali usimpe kabisa mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kwani yaweza kubeba mbegu za bakteria wanaotoa sumu inayolemaza misuli. Na dawa za miti shamba ambazo kipimo chake hakijulikani, tuwaachie watu wazima.

Wakati wa kukimbia hospitalini

Usiseme "ni koliki tu" kabla ya kuhakikisha. Mpeleke mtoto kwa daktari bila kukawia ukiona mojawapo ya dalili hizi: homa, kutapika matapishi ya rangi ya kijani au kutapika kwa nguvu kila anaponyonya, damu katika choo, tumbo lililofura, uvimbe kinenani, kukataa kunyonya, kulegea au kulala kusiko kwa kawaida, au kutoongeza uzani. Mvue nguo zote pia umtazame vidole vya mikono na miguu. Unywele wa mama au uzi wa soksi waweza kujizungusha kidoleni na kukikaba, na mtoto akalia usiku kucha bila mtu kujua.

Na mzazi je?

Yapo mambo ya bure ambayo mzazi anaweza kujaribu. Mshike mtoto wima baada ya kunyonya umpigepige mgongoni hadi apige mbweu. Mbebe kwa leso kifuani na utembee naye. Punguza mwanga na kelele za televisheni. Mwogeshe kwa maji ya vuguvugu. Haya hayamalizi koliki, lakini humsaidia mtoto ajue kwamba hayuko peke yake.

Akina baba, hapa nawageukia ninyi. Kilio hiki si cha mama pekee. Mchukue mtoto kwa saa moja, utoke naye hadi kwenye baraza au ngazi za ploti, mama apate kulala. Saa hiyo moja ina thamani kuliko chupa yoyote ya dukani.

Na itafika siku ambapo hasira itapanda hadi kooni. Humpata hata mzazi mwema. Siku hiyo, usimtikise mtoto kamwe. Shingo yake ni laini na ubongo wake ni mwororo. Kutikiswa kwa sekunde chache kwaweza kumpofusha, kumlemaza au kumuua. Mlaze chali kitandani mwake mahali salama, toka nje, vuta pumzi, unywe maji, umwite jirani. Yule yule aliyebisha mlango kuuliza mtoto ana nini, mwambie, "Mama Shiro, nishikie mtoto kwa dakika kumi." Mtoto aliyelia kwa dakika kumi akiwa salama hajadhurika.

Koliki ina mwanzo na ina mwisho. Iwe kwa matone au bila matone, itafika jioni moja ambapo saa 12 itapita, saa 1 ipite, na nyumba iwe kimya. Kazi yako hadi wakati huo ni kumfikisha mwanao huko akiwa mzima, akiwa bado ananyonya, nawe ukiwa bado una nguvu za kumtazama na kutabasamu. Hadi Jumapili ijayo, leeni kwa subira.